Kurunzi ya Mkunga

Umeme wa Unguja ulikatika tarehe 10 Disemba 2009, na haukurudi mpaka tarehe 9 Machi 2010. Waya uliolazwa chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni, upande wa bara, na Fumba, waya uliokuwa ukikilisha kisiwa tangu 1980, ulikuwa umekwisha kutoa onyo lake mwaka mmoja na nusu kabla, pale giza lilipoingia tarehe 21 Mei 2008 na kukaa mpaka tarehe 18 Juni. Giza la kwanza watu walilichukulia kuwa msiba wa kupita. La pili, lilipotimiza mwezi bila ya kuonesha dalili ya kuondoka, liliwalazimisha wapange maisha yao upya. Pampu za maji zilinyamaza, ndoo zikarudi visimani. Wenye uwezo walinunua jenereta, na vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo havikujengwa kwa ajili ya mashine, vikajaa moshi na mngurumo. Wasio na uwezo walizifukua kandili zilizosahauliwa stoo, wakazikuta nyingine zimeliwa na kutu na nyingine hazina vioo.

Na wote, wenye uwezo na wasio nao, walinunua kurunzi.

Zilikuwa kurunzi za plastiki kutoka China, zenye vijitaa vya LED vitano, saba au tisa vilivyopangwa duara kama mbegu za tunda, na mawe matatu ya betri kavu nyuma yake. Zilikuwa rahisi, na kwa wiki moja au mbili zilimpendeza kila mtu. Kisha zikaanza kumiminika katika kibanda cha fundi mmoja wa redio, katika kijiji cha kusini mwa Unguja, mtu aliyeanza kazi yake tangu enzi za kaseti na ambaye hakuwa amewahi kutengeneza kurunzi kwa malipo. Nani alipeleka kurunzi kwa fundi? Balbu ikiungua ilibadilishwa, basi. Lakini hizi hazikuwa na balbu ya kubadilisha.

Alipofungua ya kwanza alitafuta saketi, asiione. Akafungua ya pili na ya tatu. Mlikuwa na waya mmoja kutoka kwenye betri, swichi, na vijitaa. Baina ya betri na taa hapakuwa na cho chote cha kuamua ni umeme kiasi gani upite.

Kwa balbu ya zamani jambo hilo halikuwa kosa. Uzi wa balbu ukipata moto huzidi kuuzuia umeme, kwa hivyo balbu hujilinda yenyewe kwa kiasi fulani, ina haya. Taa ya LED haina haya hiyo. Chini ya volti fulani haiwaki kabisa. Ikifika volti 3.2 hivi, taa nyeupe ya wati moja huweza kupitisha miliampea 300 na kuwaka vizuri. Ongeza sehemu mbili tatu za kumi za volti, na mkondo huweza kukaribia mara mbili. Mkondo ukizidi, taa hupata joto. Ikipata joto, volti inazozihitaji hupungua. Zikipungua, kwa betri ile ile, hupitisha umeme zaidi. Na umeme huo huleta joto jingine. Haijui kusema imetosha. Katika zile kurunzi rahisi kilichoziokoa taa ni udhaifu wa betri zenyewe, kwani betri kavu ya bei ndogo haiwezi kutoa mkondo mwingi hata ikitakiwa. Ndiyo kusema kurunzi ile ilisimama juu ya unyonge wa kitu kimoja kuficha pupa ya kingine. Si ubunifu wa kujivunia.

Fundi huyo alikuwa na dada yake mkubwa, mkunga. Kwa miaka mingi dada huyo ameitwa usiku majumbani na katika kituo cha afya cha jirani, na kila mara amebeba mkoba, kanga safi na taa. Katika giza la 2008 alikuwa na kurunzi moja ya namna ile. Usiku mmoja mwanamke alijifungua salama, mtoto akalia, watu wa nyumbani wakashukuru. Mkunga alikuwa amepiga magoti kwa zaidi ya saa moja, kurunzi ikishikwa na wifi yake yule mzazi. Mwanga ulikuwa unapungua tangu mwanzo, lakini kidogo kidogo, na jicho la binadamu ni jepesi wa kusamehe: mwanga ukishuka taratibu, mboni hupanuka, na mtu hudhani anaona kama alivyokuwa akiona. Mkeka ulikuwa wa rangi ya kiza. Mkunga hakuiona damu. Aliigusa. Alipoweka kiganja chini ili ainuke, mkeka ulikuwa umelowa mpaka ukingoni. Palitafutwa gari, mzazi akakimbizwa mjini, na Mungu akampa uhai. Lakini dada yule hakuusahau ule mkono, na ndugu yake, aliyesimuliwa asubuhi yake, hakusahau jinsi alivyosimuliwa.

Kwa hiyo giza la pili lilipokuja, na dada alipofika kibandani akiwa na kurunzi mpya ya aina ile ile akitaka aimarishiwe, fundi alimjibu, "Niachie, dada. Nitakutengenezea yako."

Hapo ndipo alipoingia mpwa wake, mtoto wa mkunga mwenyewe, kijana aliyekuwa akisoma ufundi wa umeme. Kijana alikuja na mchoro. Ulikuwa mchoro mashuhuri miongoni mwa wapenda elektroniki, uliochapishwa mwezi wa Novemba 1999 katika jarida la Uingereza liitwalo Everyday Practical Electronics na mtu aliyeandika kwa jina la Z. Kaparnik. Baadaye saketi hiyo ilipewa jina la utani na fundi wa Uskochi, Clive Mitchell: mwizi wa jouli, kwa kuwa huiba nishati iliyobaki ndani ya betri ambayo kila mtu ameshaihesabu kuwa imekufa. Vitu vyake ni vinne tu. Transista moja, rizista moja ya omu 1000, taa, na kipete cha feraiti kilichozungushiwa nyaya mbili pamoja. Kipete walikitoa ndani ya taa mbovu ya kubana matumizi, wakakizungusha nyaya mizunguko ishirini. Transista hufunga na kufungua mkondo maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde moja. Kila inapofunga, koili, ambayo haipendi mkondo wake ukatwe ghafla, husukuma volti juu mpaka taa ikawaka. Betri moja ya volti 1.5, tena iliyokwisha kutolewa redioni, iliwasha taa inayotaka volti tatu. Watoto wa mtaa walipopata habari waliokota mabetri jalalani kwa mikono miwili.

Mwizi wa jouli ni saketi nzuri, na uzuri wake ni wa aina ya methali: mambo mengi kwa maneno machache. Bali mwanga wake ulitosha kwendea chooni, haukutosha kushonea jeraha. Tena ulikuwa na ila ile ile ya kurunzi ya China. Betri ikizidi kuchoka, nao ulififia pole pole, bila ya kumuaga mtu.

Kijana akabuni saketi nyingine, ya kupandisha volti na kujirekebisha, ambayo hushikilia mkondo ule ule wa taa tangu betri imejaa mpaka tone la mwisho. Hii alitumia betri ya simu. Kijiji kizima kilikuwa nazo, zile za Nokia za aina ya BL-5C, volti 3.7 na takriban miliampea-saa 1000, zilizobaki baada ya simu zenyewe kufa kwa maji au kuvunjika. Aliiweka juu ya meza wakati wa chakula cha usiku. Mwanga ulisimama imara, haukutetereka hata kidogo, na kijana alikuwa na haki ya kutabasamu. Kisha, katikati ya mazungumzo, ukazimika kama uliofunikwa kwa sufuria. Saketi ya namna hiyo, kadiri betri inavyochoka, huidai mkondo zaidi ili ilipe mwanga ule ule; na ndani ya betri ya simu mna kilinzi kidogo ambacho hukata umeme wote volti zikishuka mno, ili betri isiharibike. Palikuwa na mwanga kamili, kisha hapakuwa na kitu.

Mkunga alikuwapo mezani. Kijana alianza kueleza kuhusu ufanisi. Mama yake alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akauliza, "Na mkono wangu ungekuwa wapi wakati huo, mwanangu?"

Kuanzia usiku huo ubishi wa mjomba na mpwa ulibadilika. Hawakubishana tena kuhusu taa ipi ina mwanga zaidi, bali kuhusu namna inavyostahili kwisha. Moja huzimika taratibu hata jicho lisitambue, nyingine huzimika ghafla hata mkono usipate nafasi. Zote mbili humdanganya aliyezishika. Mkunga alihitaji taa itakayomwambia, kwa ishara isiyoweza kupuuzwa, kwamba imebakisha kiasi fulani, na kisha itimize kiasi hicho.

Mjomba alichukua kitu anachokijua. LM358 ni kidude cheusi chenye miguu minane, kinachopatikana ndani ya chaja na mitambo mingi, na ndani yake mna vikuza viwili vinavyojitegemea. Alikitoa katika chaja mbovu. Kikuza cha kwanza alikipa kazi ya mizani. Mkondo wa taa ulipitishwa katika rizista tatu za omu moja moja zilizofungwa sambamba, ambazo kwa pamoja ni theluthi ya omu. Mkondo wa ampea 0.3 ukipita hapo huacha alama ya volti 0.1. Kikuza huilinganisha alama hiyo na volti 0.1 nyingine iliyotayarishwa kando. Mkondo ukizidi, kikuza huilegeza transista inayoupitisha, ukipungua, huikaza. Volti ya kulinganishia aliipata katika kijitaa chekundu cha LED, ambacho kikiwashwa kwa mkondo mdogo hukaa karibu na volti 1.8 hata betri ipande au ishuke. Akaigawa kwa rizista mbili mpaka akapata kiasi alichokitaka. Taa ndogo ikawa mlinzi wa taa kubwa.

Kijana aliona njia hiyo ni ya kizamani. Volti zinazobaki baina ya betri na taa hupotea kuwa joto katika transista: betri ikiwa imejaa, volti 4.2, na taa ikichukua 3.2, karibu robo ya nishati hupotea. Ni kweli. Mjomba hakukataa hesabu. Alisema tu kwamba betri ikishuka kidogo kufika 3.7, hasara nayo hushuka mpaka kiasi cha sehemu moja kwa saba, na kwamba saketi isiyo na koili haina cha kuvuma ndani ya redio ya jirani. Sababu hii ya pili ilimhusu fundi wa redio kuliko mkunga, lakini kila mtu huingia katika kazi na heshima zake.

Palikuwa na ubishi mwingine juu ya ule mkondo wa ampea 0.3. Kijana alitaka mara mbili yake. Mjomba aliwasha taa mbili mbele yake, moja kwa ampea 0.3 na nyingine kwa 0.6, akamtaka aseme ipi ina mwanga maradufu. Kijana alisema ya pili inazidi, ndiyo, lakini si maradufu. Jicho halihesabu hivyo, na taa nayo, ikisukumwa sana, hutoa mwanga mchache kwa kila ampea inayoongezwa. Wapenzi wa ushairi hawatashangaa: mshororo wenye mizani kumi na sita haupati nguvu kwa kutiwa ya kumi na saba. Mjomba hakuwa mshairi, ila alikuwa msikilizaji wa mashairi redioni kwa miaka mingi, na mfano huo aliutumia mwenyewe.

Kikuza cha pili ndicho kilichopewa kazi ya uaminifu. Hicho hutazama betri. Volti zikishuka kufika 3.5 hivi, huivuta ile volti ya kulinganishia mpaka ibaki theluthi yake, na mkondo wa taa, kwa utii, hushuka kwa mkupuo kutoka ampea 0.3 mpaka 0.1. Mwanga hupungua kwa hatua moja inayoonekana, kama mtu aliyegonga mlango. Betri zilikuwa mbili zilizofungwa sambamba, baada ya kila moja kujazwa kwanza peke yake, kwani ukiziunga moja imejaa na nyingine tupu, iliyojaa huimiminia mwenziwe kwa fujo. Katika hatua hiyo ya onyo huwa zimebakisha kiasi cha sehemu moja ya kumi, yaani miliampea-saa 200 au pungufu kidogo kwa kuwa zilikuwa kuukuu. Kwa mkondo wa ampea 0.1 hiyo ni saa mbili kasoro. Mwanga mdogo, ila wa kufanyia kazi, na muda wa kutuma mtoto akalete taa nyingine.

Usiku wa majaribio saketi ilifanya kituko. Ilipofika volti 3.5 mwanga ulishuka kama ulivyoagizwa, kisha ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukawa unapepesa kama jicho lililoingia mchanga. Kijana alidhani mjomba amelehemu vibaya. Sababu ilikuwa nyingine. Betri inayotuliwa mzigo hupumua: volti zake hupanda kidogo mara tu mkondo unapopungua. Kikuza kilipoona volti zimepanda kikadhani neema imerudi, kikawasha mwanga kamili. Mzigo ukarudi, volti zikaanguka, kikajuta. Dawa yake ni rizista moja inayorudisha sehemu ndogo ya uamuzi wa kikuza kwenye mlango wake wenyewe, ili akishaamua kushusha asibadilishe kauli kwa jambo dogo. Mpaka betri itiwe umeme upya. Waliijaribu ya omu milioni moja, ikawa laini mno, wakarudi nyuma mpaka laki mbili na ishirini elfu, kupepesa kukakoma. Hiyo peke yake iliwachukua siku tatu, kwa kuwa kila jaribio lilitaka betri ijazwe na kumalizwa, na kuijaza ilikuwa ni kwenda dukani kwenye jenereta na kulipa.

Mwili wa kurunzi ulikuwa kipande cha bomba la maji la inchi moja na nusu, ambamo betri mbili za simu huingia zikilaliana. Taa iligandishwa juu ya bapa la alumini lililokatwa kwenye mfuniko wa sufuria, ili joto lipate pa kwendea.

Likabaki jambo la rangi, na hili hakulijua mjomba wala mpwa. Taa ya kwanza waliyoitia ilikuwa nyeupe yenye kuelekea buluu, kama zilivyokuwa nyingi za siku hizo. Mkunga aliimulika kwenye kiganja chake, akakigeuzageuza, akasema kwamba kwa taa hii kila mtoto atakayezaliwa ataonekana amekosa pumzi. Alikuwa sahihi, na elimu iko upande wake. LED nyeupe kwa asili si nyeupe. Mwanga wa vitu hivi uliwahi kuonekana mapema, na Henry Joseph Round mwaka 1907, kisha ukachunguzwa kwa bidii na Mrusi Oleg Losev katika miaka ya 1920, ambaye alikufa kwa njaa mwaka 1942 mji wa Leningrad ulipozingirwa. Nick Holonyak aliipata LED nyekundu ya kuonekana kwa macho mwaka 1962. Buluu yenye nguvu ilisubiri mpaka 1993, Shuji Nakamura alipoifanikisha Japani. Na kwa kazi hiyo yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Nyeupe hupatikana kwa kuipaka ile ya buluu unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa wa manjano. Jicho huuchanganya mwanga huo na kuuita mweupe, lakini wekundu ndani yake ni haba, na pasipo wekundu damu huonekana kama matope, na mdomo wa kichanga hauna habari ya kutoa. Taa nyingine, ya rangi ya joto, iliyotiwa unga zaidi wa kuleta wekundu, ililetwa na jamaa aliyekuwa akirudi kutoka Dubai. Inatoa mwanga mchache kidogo kwa umeme ule ule. Mkunga aliimulika kiganjani, akanyamaza, akaitia mkobani.

Ilitumika usiku kumi na moja kabla umeme haujarudi. Katika usiku mmoja wa hiyo mwanga ulishuka hatua yake mkunga akiwa kazini. Hakuinua kichwa. Alimwambia aliyeishika, "Mwambie Mzee atafute gari mapema, hatuna usiku kucha," akaendelea. Mtoto alizaliwa baada ya dakika arubaini hivi, na gari halikuhitajika. Taa iliendelea kuwaka mpaka walipokunywa chai.

Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na kijiji kile hakijaona tena giza la miezi. Kurunzi ingali mkobani. Betri zake zimebadilishwa mara mbili na swichi mara moja. Mpwa, ambaye sasa ana kibanda chake mwenyewe mjini, aliifungua karibuni akusudie kuitia chipu ya kisasa yenye kufanya yote kwa pamoja. Mama yake alimkuta ameishika, akamuuliza kama hiyo chipu itamwambia kabla ya kuzimika. Kijana akaifunga tena skurubu.